Mwaka Tulioisimamisha Kompyuta Juu ya Matofali

Mwalimu Skolastika tumemzika kijijini Mofu, kwenye udongo ule mweusi unaong'ang'ania jembe, na ilipofika zamu ya kusoma historia ya marehemu, kijana mmoja msomi akasimama na karatasi yake akasema, "Pia aliwahi kufundisha kompyuta," kisha akahamia kwenye idadi ya wajukuu. Basi, ikaishia hapo. Nilikuwa mkekani na akina mama wenzangu. Nikamtazama Winifrida, ambaye tulisoma wote kwa marehemu, naye akanitazama, tukanyamaza maana msibani humkatizi msomaji. Lakini wakati wa kula (na wali ulikuwa mzuri, niseme ukweli, wa mpunga mpya, na samaki kitoga wa kukaushwa aliyerudishwa kwenye nazi) Winifrida akaninong'oneza, "Eti aliwahi kufundisha kompyuta. Kana kwamba aliamka asubuhi akaikuta inafundishika." Nikamwambia nitaandika mimi. Shule yangu iliishia darasa la nne, na ninaandika kama ninavyoongea, nikiona kitu pembeni ya njia nakiendea. Atakayechoka apumzike, kisha anifuate.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya zile mvua za Elnino. Darasa letu lilikuwa chumba cha kupanga pale Kibaoni, Ifakara, ukuta mmoja na mashine ya kukoboa mpunga. Nikifumba macho hata sasa nakisikia kile chumba: mkanda wa mashine unapiga, wanaume wanabishana nani alitangulia kwenye foleni ya magunia, na pumba. Pumba ilikuwa kila mahali. Ilikuwa kwenye kope, kwenye chai, kwenye mikunjo ya kanga. Tulikuwa wanawake watupu, na mwalimu wetu Skolastika, mtu wa Mahenge, mwembamba, sauti yake ikipita juu ya mashine ya kukoboa bila yeye kupaza. Viatu tuliacha nje. Ukipiga kibonye kwa kidole kisichostahili anakuuliza, "Hicho kidole kimetumwa na nani?" Mwanzoni tulijifunza kwa mashine za chapa za zamani, zile za kugonga. Kisha wafadhili wa kanisa wakatuletea kompyuta moja, iliyokwishatumika huko kwao, na sharti lake: baada ya Pasaka atakuja mzee mmoja kutoka Morogoro kutupima. Kila mmoja achape ukurasa mmoja na kuutoa kwenye printa mbele ya macho yake. Tukifaulu, tunapewa vyeti na kompyuta inabaki. Ikishindikana, kompyuta inapelekwa kwingine.

Mimi nilikuwa mpishi wa parokia. Nasema bila haya, nilikuwa nimechoka na moshi. Ofisi ya parokia ilikuwa inatafuta mpiga chapa, na katibu alikuwa ameshasema wazi kwamba kiti kile kitakaliwa na mwenye cheti, hata awe nani. "Hata mimi wa jikoni?" nikamuuliza. "Hata wewe wa jikoni, ila harufu ya vitunguu uiache hukohuko." Alidhani ananitania. Mimi tangu siku hiyo kile kiti nilikiona ni changu, nikawa napika ugali vidole vyangu vinachapa kwenye mwiko.

Sasa kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, kochi lina kitambaa, hata birika la wageni lina kofia. Kwa hiyo kompyuta ilipofika tulikaa juma zima tukiifumia. Winifrida alifuma cha kioo, mimi nikafuma kikubwa cha lile kasha lenyewe, la bati, lililolala chini ya kioo kama godoro. Nilikifuma kwa uzi mweupe, kikashuka mbele na nyuma mpaka mezani, nikaacha mdomo mdogo wa kuingizia diski. Ilipendeza jamani. Dirisha tulilifunga kwa ajili ya pumba, na kazi tulifanya kitambaa kikiwa juu, maana tukikitoa pumba itaingia. Hakuna aliyemkosoa mwenzake, na Mwalimu mwenyewe alikinyoosha pembe kila asubuhi kama altare.

Ikaanza kuzimika. Unachapa, mara kioo cheusi, na ulichochapa kimekwenda na maji. Ukiiacha ikapoa inawaka tena kama haikutokea kitu, ukifika katikati ya ukurasa inazima. Wengine walisema ni umeme wa Ifakara, wengine wakasema ni jicho la watu. Mwalimu akamwita fundi Oktavian, aliyekuwa na kibanda cha redio njia ya sokoni, mtu mnene mwenye masihara, ambaye kompyuta alikuwa hajawahi kuifungua na alisema hivyo mlangoni kabla hajavua viatu. Akakishika kitambaa changu kwa vidole viwili.

"Hili shuka la nani?"

"La kompyuta," nikasema.

"Ina homa? Maana mmeifunika kama mwenye malaria."

Akafungua mfuniko. Ndani, kwa nyuma, kulikuwa na kiboksi cha bati kinachopokea umeme na kuugawa, na ndani ya kiboksi kifeni kidogo kama kiganja. Kilikuwa kimeshikamana na pumba na mafuta, hakizunguki hata ukikisukuma kwa msumari. Fundi akatueleza, na yeye mwenyewe alikuwa anaelewa huku anaeleza: feni hii kazi yake ni kuivuta hewa ya ndani iliyopata moto na kuitupa nje kwa tundu la nyuma. Sasa mvutaji amekufa. Moto unazaliwa humo ndani kila dakika na hauna pa kwenda, na kiboksi kikizidiwa kinajizima chenyewe kisiungue. Kifeni cha namna ile Ifakara hakikuwepo. Tuliagiza Dar es Salaam kwa mtu, na mtu akawa mtu, mnawajua, kifeni hakikufika.

Tukajaribu mambo. Oktavian alichukua mota ya redio kaseti akaitia mapanga ya bati la kopo la mafuta ya kupikia. Iliimba vizuri, kisha panga moja likachomoka likapita karibu na sikio la Winifrida. Tukaazima feni ya mezani ya Padre, ikaipulizia kompyuta pumba ya siku nzima mpaka vibonye vikawa vinasaga kama mtu anatafuna mchele mbichi. Mwalimu akairudisha mwenyewe, akasema upepo wa kusukumwa unakuja na mizigo yake. Akakaa kwenye kiti, akatazama lile kasha. Kwaresima ilikuwa imeanza na mvua zilikuwa zinakuja.

"Fundi," akasema, "hewa ikishapata moto, yenyewe inapenda kwenda wapi?"

"Juu, Mwalimu. Inakuwa nyepesi, inapanda. Ila humu ikipanda inagonga mfuniko, inakaa palepale kama moshi darini."

"Basi tuisimamishe."

Oktavian akacheka. "Mwalimu, kompyuta si mgonjwa wa pumu!"

"Mgonjwa wa pumu ukimlaza anakufa. Isimamishe."

Nimelifikiria neno lile miaka mingi. Mtu mwingine angeandika barua kwa wafadhili kwamba kompyuta mbovu, na wangemwelewa. Mimi mwenyewe siku hiyo nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba jiko si baya, lina joto wakati wa baridi. Lakini yeye alikuwa na tabia ya kuliangalia jambo kama anayetafuta mlango wa nyumba ambayo ameshaamua kuingia. Na msidhani tulipata mara moja. Siku ya kwanza tuliisimamisha kwa ubavu uliotupendeza, kile kiboksi cha umeme kikawa chini, tukasema kizito kikae chini ndiyo busara, kama mzigo wa baiskeli. Ikazimika mapema kuliko ilipokuwa imelala. Joto la kiboksi lilikuwa linapanda na kuvichoma vingine vyote vilivyokuwa juu yake. Tukaigeuza, kiboksi juu. Oktavian akakifungua, akaking'oa kabisa kile kifeni kilichokufa, maana kilikuwa kimebaki kama kizibo cha chupa, tundu likabaki wazi, na wavu wa waya tu. Hapo ikakaa zaidi kidogo, kisha ikazimika.

Tukaona kosa lingine. Ubavu wa kasha ulikuwa na matundu membamba kama mistari, na huo ndio ubavu tulioukalisha mezani. Tumeipa hewa moto mlango wa kutokea, hewa baridi haina mlango wa kuingilia. Kitu hakiwezi kutoka tu bila kingine kushika nafasi yake. Nikaenda nyuma ya mashine ya kukoboa nikaomba matofali kwa mzee mwenye mashine, akauliza ya nini, nikamwambia ya kukalishia kompyuta, akaniambia dada nenda salama. Tukaipandisha juu ya matofali mawili, moja kila upande, katikati wazi. Ikakaa vizuri, lakini ukurasa mzima bado.

Hapa mimi nilibishana nao. Mfuniko ulikuwa umewekwa pembeni, nami nikasema uachwe hivyohivyo, mtu akisikia joto huvua, havai. Na kweli tuliiacha wazi siku kadhaa, pumba ikawa inaingia, na haikutusaidia kama nilivyodhani. Oktavian ndiye aliyenijia na swali.

"Dada Zita, jiko lako la parokia lina bomba la moshi?"

"Linalo."

"Nikilitoboa ubavuni tundu la kupita kichwa, moshi utapanda?"

"Utanirudia machoni."

"Kwa nini?"

Nilijua kwa macho yangu kwamba unarudi, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini. Akasema bomba linavuta kwa sababu limezibwa pande zote, hewa ina njia moja tu, chini mpaka juu. Ukitoboa, hewa ya chumba inaingilia hapo, mvuto unakatika. Kasha hili likifungwa linakuwa bomba. Likiachwa wazi ni bati tu lililosimama. Tukarudisha mfuniko. Kabla ya kuufunga akazikunja zile nyaya pana kama utepe, zilizokuwa zimetanda katikati kama pazia, akazifunga ukutani kwa uzi. Kulikuwa pia na kipande cha bati chenye meno kama kitana, kimekaa juu ya ile chipu inayofanya hesabu. Kwa kuwa kasha limesimama, meno yale yalikuwa yamelala, hewa ikipanda inagonga ubavu wa jino. Akakigeuza, meno yakaelekea juu, hewa ikapita katikati yake kama maji kwenye matuta ya mpunga.

Kisha Mwalimu akaomba kitambaa changu. Nikadhani anataka kukirudisha. Akafumua ncha, akavuta uzi, akaukata, akaufunga juu ya lile tundu la nyuma. Tukawasha, tukakaa. Kwa muda uzi ulining'inia tu. Kompyuta ilipopata moto, uzi ukatikisika, ukainuka polepole, ukabaki umesimama kama unywele wa mtu aliyeshtuka. Hakuna aliyepuliza, dirisha limefungwa. Joto lenyewe, lile lile lililokuwa linaiua, ndilo lililokuwa linavuta hewa ya kuipoza. Winifrida akapiga ishara ya msalaba. Mwalimu akasema, "Usisali, chapa." Winifrida akachapa ukurasa mzima, na wa pili. Tukatoa pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaangwa na kutwangwa, zilizokuwa kwenye kapu la mmoja wetu, tukatafuna tumesimama, na fundi Oktavian akala nyingi kuliko wote akisema mkunga lazima ashibe.

Kuanzia siku hiyo uzi ukawa mkubwa wa darasa. Ukiwa juu tunachapa. Ukilegea tunajua kuna kitu kimeziba, pumba kwenye matundu ya chini au daftari la mtu limesukumwa kati ya matofali. Jioni tulifuta matundu kwa unyoya wa kuku. Pasaka ikapita. Mvua ikashika, watu wa ng'ambo ya Kivukoni wakawa wanachelewa kwa sababu pantoni ilikuwa inasubiri mto utulie, na Winifrida siku ya mtihani alifika gauni limelowa mpaka kiunoni.

Mzee mpimaji alifika kwa treni, ametembea kutoka stesheni mvua ikimnyeshea, mtu mzima mwenye mvi na miwani, suti ya bluu imegeuka nyeusi kwa maji. Tukasimama. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Shikamoo zikamiminika. Tukampa chai. Alikuwa mpole, hilo niseme, na aliita majina kwa herufi. Anastazia akaanza. Mimi padre aliyenibatiza alinipa Zita, kwa hiyo tangu utoto nimekuwa wa mwisho katika kila kitu kinachogawiwa kwa herufi, na siku ile maana yake ilikuwa kwamba nitaikuta kompyuta imefanya kazi tangu asubuhi.

Anastazia akapita, Beatha akapita, wakaendelea. Uzi umesimama. Baadaye Mzee akainuka kujinyoosha, akapita nyuma ya meza, akasikia vuguvugu kwenye mkono wake. Akaweka kiganja pale kwenye tundu. "Aa," akasema, akafurahi kabisa. Akavuta kiti, akavua koti, akalitundika mgongoni mwa kiti, akakisogeza kiti mpaka koti likagusa tundu, akarudi kukaa. Alikuwa ameona mahali pa kukaushia nguo.

Sasa hebu niambieni. Mgeni, mkubwa, mtu wa Kanisa, amenyeshewa kwa ajili yenu, na cheti chenu kimo kwenye kalamu yake. Nani anamwambia ondoa koti? Tukaanza kusukumana kwa viwiko.

"Mwambie wewe."

"Mimi nani? Mwambie Mwalimu amwambie."

"Mwalimu ameliona."

Kweli alikuwa ameliona. Alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, macho kwenye lile koti. Aliyeweza kumwuliza mtu kidole chake kimetumwa na nani, mbele ya mgeni alikuwa binti wa Mahenge aliyelelewa vizuri. Uzi ulikuwa haupo tena, umelala chini ya koti. Zamu ikafika kwa Winifrida. Akachapa mistari kadhaa, kioo kikawa cheusi.

Mzee akavua miwani akaifuta. "Pole, mama. Basi, inatosha. Nimeona kazi yenu, ni nzuri, lakini mashine ni mgonjwa, nitaandika hivyo. Hawa wawili waliobaki watakuja Morogoro siku nyingine, watafanyia kule."

Morogoro. Na masika yale, na jiko la parokia likinisubiri asubuhi, na kiti cha ofisini kikitafutiwa mtu mwezi uleule. Nilijua siendi, na kompyuta iliyoandikwa mgonjwa haibaki. Nikatazama mikono yangu ina masizi kwenye kucha. Nikasimama, nikapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwa wakubwa, nikasema, "Mzee, naomba radhi yako. Mashine si mgonjwa. Koti lako limeiziba pumzi."

Mkanda wa jirani ukapiga, ukapiga. Nyuma yangu mtu akasema, "Yesu na Maria."

Mzee akageuka akalitazama koti, kisha mimi. "Koti langu?"

"Ndiyo, Mzee. Haina feni. Inapumua kwa hapo nyuma tu. Chini inaingiza, juu inatoa. Sasa juu kuna koti."

"Na mmeniona nikiliweka?"

"Tumekuona, Mzee."

"Wote?"

"Wote, shikamoo," akasema Winifrida, na hapo chumba kizima kikaangua kicheko cha woga, na Mwalimu akafumba macho.

Mzee hakucheka. Aliinuka, akavuta kiti, akalichukua koti lake. Akainama akachungulia matofali, akauona uzi, akaugusa. Akauliza itachukua muda gani kupoa. Mwalimu akasema, "Tungoje, Mzee, tutakwambia sisi." Tukangoja. Chai ya pili ikaja. Ikawashwa. Winifrida akarudia ukurasa wake tangu mwanzo, akamaliza.

Nami nikakaa. Kasha lilikuwa la moto, nililisikia kwa magoti. Kila mstari nilioumaliza niliusevu, kama mtu anayeweka kuni kavu ndani kabla mvua haijafika. Uzi ulikuwa umeinuka nusu, unasita. Sikuutazama tena. Nilisema moyoni, ikizima nitawasha, ikizima tena nitawasha tena, na huyu Mzee atalala Ifakara kama lazima. Nilichapa mpaka nukta ya mwisho. Printa ikapiga kelele zake, karatasi ikatoka, na kabla Mzee hajanyoosha mkono Mwalimu Skolastika akaichana kutoka kwenye printa akaisoma yeye kwanza, yote, taratibu, akiwa ametupa mgongo.

"Baada ya nukta ni nafasi moja, Zita. Umeweka mbili."

Kisha akampa Mzee. Mzee akasoma, akatia saini vyeti vyetu, akakunja vitu vyake. Nje bado ilikuwa inanyesha. Alilishika koti akalikung'uta, maji yakaruka mpaka ukutani.

"Nilikuwa nimepata mahali pazuri kweli," akasema, akalivaa likiwa bichi hivyohivyo, akatoka.